Kiu ya hewa: kwa nini Oktoba ya Dodoma haiui kila mdudu anyonyaye damu

Oktoba ikifika Dodoma, ardhi imekwisha kupasuka. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, pengine na manyunyu kidogo ya Mei, na inayofuata haitegemewi kabla ya mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mchana jua linachoma, upepo unabeba vumbi, midomo inakauka. Mtu angetarajia kwamba wadudu wanaoishi kwa damu yetu na ya mifugo yetu, viumbe wenye miili ya milimita chache tu, wangekuwa wa kwanza kukauka. Sivyo inavyokuwa. Kunguni aliyejificha kwenye ufa wa kitanda hana habari kama nje ni masika au kiangazi. Tekenya ndiyo kwanza anashamiri kwenye vumbi la uani. Lava wa kiroboto, yaani mtoto wake aliyetoka kwenye yai, akibaki kwenye sakafu iliyo wazi hufa ndani ya siku chache. Mbung'o wa mapori ya Manyoni na Rungwa hupungua, na wale wanaotoka ardhini majira hayo huwa na miili midogo kuliko waliotoka wakati wa baridi.

Wadudu wanne, kanda moja, mwezi mmoja, na kila mmoja ana habari yake. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa mkato: joto linaua wadudu, au ukame unaua wadudu. Majibu yote mawili yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye utamu.

Tuanze na unyevu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwemo waliosoma.

Asilimia isiyosema kitu peke yake

Taarifa ya hali ya hewa ikisema unyevu ni asilimia 50, inachosema ni kwamba hewa imebeba nusu ya mvuke ambao ingeweza kuubeba kwa joto la wakati huo. Neno zito ni hilo la mwisho: kwa joto la wakati huo. Hewa yenye nyuzi 20 ikijaa kabisa hubeba takribani gramu 17 za maji katika mita moja ya ujazo. Hewa yenye nyuzi 30 hubeba takribani gramu 30. Kwa hiyo asilimia 50 ya unyevu kwenye nyuzi 20 ina maana kwamba hewa bado ina nafasi ya gramu kama 8 na nusu, na asilimia 50 hiyo hiyo kwenye nyuzi 30 ina maana kwamba nafasi iliyobaki ni gramu 15. Tarakimu kwenye taarifa ni moja, lakini kiu ya hewa imekaribia kuongezeka maradufu.

Hiyo nafasi iliyobaki ndiyo inayomnyonya mdudu maji, na ndiyo inayokausha kanga kwenye kamba. Chukua usiku wa Februari wenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 80: pengo ni gramu tatu na ushee. Chukua mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 30: pengo ni gramu kama 24, yaani karibu mara saba. Wataalamu wa wadudu walianza kulisisitiza jambo hili miaka ya 1930, na aliyelishikilia sana ni Patrick Buxton wa Chuo cha Afya na Tiba ya Nchi za Joto cha London. Aliona kwamba majaribio mengi ya wakati wake yalikuwa yakilinganisha asilimia kwa asilimia bila kujali joto, kisha watu wakashangaa matokeo yanapogongana.

Kuna mtego mwingine ndani ya huo huo. Dodoma iko juu, mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi hupoa sana. Tuseme hewa ina gramu 10 za mvuke mchana kutwa na usiku kucha, haikuongezwa wala haikupunguzwa. Saa nane mchana kwenye nyuzi 32 itasomeka asilimia 30. Alfajiri kwenye nyuzi 15 itasomeka asilimia 78. Hakuna tone lililoongezeka. Ndiyo maana wastani wa unyevu wa siku nzima hauna faida kubwa kwa anayetaka kujua maisha ya mdudu: mdudu hafi kwa wastani, anakufa saa nane mchana, au anaokoka kwa kutokuwepo juani saa hiyo.

Upepo nao unahusika. Mdudu aliyetulia huzungukwa na tabaka jembamba la hewa lililokwisha kupata unyevu kutoka mwilini mwake mwenyewe, na upepo hulipeperusha. Sitakaa sana hapo, ila mwenyeji wa Dodoma anajua upepo ni sehemu ya kiangazi chetu sawa na jua.

Maji yanatokea wapi

Mdudu ana hasara ya kuzaliwa nayo, nayo ni udogo. Mchemraba wenye upande wa sentimita moja, ukilinganisha eneo la nje na ujazo wa ndani, una uwiano wa sita kwa moja. Mchemraba wenye upande wa milimita moja una uwiano wa sitini kwa moja. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo, ndivyo ngozi inavyokuwa nyingi kwa maji machache. Ng'ombe anaweza kutembea siku nzima bila kunywa. Kiroboto mwenye urefu wa milimita mbili tatu angekuwa amekauka kabla ya adhuhuri kama ngozi yake ingekuwa kama yetu.

Kinachomwokoa ni nta. Juu kabisa ya gamba la mdudu kuna tabaka la mafuta na nta, jembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, linalozuia maji kupita. Mwaka 1935 Mwingereza J. A. Ramsay aligundua kwa kuchunguza mende kwamba maji hutoka polepole joto linapopanda, kisha likifika kiwango fulani yanaanza kumwagika kwa kasi ambayo hesabu ya kiu ya hewa peke yake haiwezi kuieleza. Nta ilikuwa imelegea. Miaka kumi baadaye Vincent Wigglesworth alipima wadudu wengi na kuona kwamba kila aina ina kiwango chake. Kwa Rhodnius, mnyonya damu wa Amerika ya Kusini, kiwango hicho kiko karibu nyuzi 57. A. D. Lees naye alipima kupe na papasi. Papasi, yule wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, nta yake ilistahimili hadi kupita nyuzi 60, wakati kupe wa malisho ya Ulaya yenye ubaridi na unyevu nta yake ilishindwa karibu nyuzi 32.

Hewa ya Dodoma haifiki nyuzi 57, wala haitafika. Kwa hiyo kauli kwamba joto linayeyusha nta ya wadudu wetu, ambayo nimewahi kuisikia ikitolewa kwa uhakika mkubwa, si sahihi kwa mdudu aliye hewani au kivulini. Kwa aliyeko juu ya udongo mtupu unaopigwa na jua la saa saba ni habari nyingine, maana udongo huo unaweza kuipita hewa kwa nyuzi 20 na zaidi. Lakini mdudu mwenye akili zake hayuko pale saa hiyo.

Nta ina adui mwingine ambaye si joto, naye ni mkwaruzo. Wigglesworth aliwapaka Rhodnius unga laini wenye chembe ngumu, akawaacha watambae juu yake, na maji yakaanza kuwatoka kwa kasi ya ajabu hata kwenye joto la kawaida. Chembe zilikuwa zimekwangua nta. Mama anayechanganya majivu na kunde ili zisitobolewe, na kuku anayejigaragaza kwenye vumbi kavu mchana, wote wanaikaribia kanuni hiyo hiyo: sehemu ya kazi ya unga laini ni kukwangua au kufyonza nta ya mdudu, kisha hewa kavu inamalizia. Ndiyo maana majivu hufanya kazi vizuri yakiwa makavu, na hayasaidii kitu yakilowa. Wanaoyaita majivu ushirikina wa bibi wangepaswa kwanza kuangalia nta.

Njia ya pili ya upotevu ni matundu ya kupumulia yaliyo ubavuni. Mdudu hana mapafu. Hewa huingia kupitia matundu hayo na kusambaa kwa mirija hadi ndani kabisa ya misuli, na kila tundu likifunguka mvuke unatoka. Kenneth Mellanby alionyesha mwaka 1934 kwamba ukimweka mdudu kwenye hewa yenye kabonidioksidi, gesi ambayo humlazimisha kuyaacha matundu wazi, anapoteza maji kwa kasi kubwa mno. Kwa maneno mengine, mdudu wa kawaida anaishi kwa kuyafunga. Anafungua kidogo, anavuta, anafunga. Akiruka, misuli inadai oksijeni na matundu lazima yakae wazi. Haishangazi basi kwamba mbung'o, tunayemfahamu kwa kufukuza magari porini kwa hasira, kwa jumla huruka chini ya saa moja kwa siku nzima. Saa nyingine zote amekaa kimya upande wa chini wa tawi.

Njia ya tatu ni kinyesi na mkojo. Wadudu wengi wa nchi kavu hutoa taka zao zikiwa karibu unga mkavu, maji yakiwa yamerudishwa mwilini kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo. Na hapa wanyonya damu wana kituko chao.

Mafuriko kwanza, ukame baadaye

Damu ni maji kwa sehemu kubwa. Mbung'o akishiba anaweza kubeba damu yenye uzito mara mbili na zaidi ya uzito wake mwenyewe, na akiwa hivyo hawezi hata kuruka vizuri. Kwa hiyo katika dakika 30 hivi za kwanza anakojoa mfululizo, tone baada ya tone, na kuondoa sehemu kubwa ya maji ya ile damu. Anayetupa maji hivyo ni mdudu yule yule ambaye siku mbili au tatu baadaye atakuwa akibana kila chembe. Akifika kwenye mlo unaofuata hana kisima kingine: hanywi umande, hanywi maji ya dimbwi, hanyonyi maua. Dume na jike, wote ni damu tu.

Kwa hiyo kumuuliza mnyonya damu kama ana uhaba wa maji ni sawa tu ukitaja ni saa ngapi baada ya mlo. Chawa wa mwilini hula mara kadhaa kwa siku, shida yake ya kila siku ni kuondoa maji kuliko kuyatafuta, lakini vua nguo aliyomo uitundike wiki moja na habari yake imekwisha. Kunguni hula mara chache na anaweza kukaa miezi bila mlo, na upotevu wake wa maji ni mdogo mno. Tena hujikusanya. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba kunguni waliorundikana pamoja hukauka polepole kuliko aliye peke yake, kwa kuwa kila mmoja anakaa kwenye unyevu wa jirani. Ule mkusanyiko unaouona ukifunua pembe ya godoro una faida hiyo pia.

Mafuta ya mwilini nayo ni akiba ya maji. Gramu moja ya mafuta ikitumika mwilini hutoa gramu moja ya maji na zaidi kidogo. Inasikika kama ufumbuzi, ila kuyatumia kunahitaji oksijeni, na oksijeni inahitaji matundu kufunguliwa. Kwenye hewa yenye kiu kali, mdudu anaweza kutumia akiba na bado akazidi kukauka.

Kutoka Shinyanga: mbung'o na pupa wake

Mengi tunayoyajua juu ya maji ya mbung'o hayakupatikana Ulaya. Yalipatikana Shinyanga, kwenye kituo cha utafiti ambacho mwanzilishi wa kazi yake, C. F. M. Swynnerton, alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Aina moja ya mbung'o wa nyanda kavu za kaskazini mwa Tanzania inabeba jina lake: Glossina swynnertoni. Miaka ya 1950 mtafiti Edward Bursell alichunguza hapo jinsi mbung'o anavyofunga na kufungua matundu yake kulingana na ukavu wa hewa na kiasi cha maji alichobakiwa nacho, kisha akageukia pupa, yaani mdudu akiwa ndani ya ganda kabla ya kupata mbawa.

Pupa ndiye kiini cha jambo. Jike wa mbung'o hatagi mayai mengi kama nzi wa jikoni. Analea lava mmoja tumboni, anamzaa akiwa amekomaa baada ya siku tisa au kumi, na lava huyo anajichimbia kwenye udongo tifutifu chini ya gogo au kivuli cha kichaka, sentimita chache tu. Ndani ya saa chache ngozi yake inakuwa ganda jeusi gumu. Kuanzia hapo hadi atakapotoka akiwa na mbawa, hali wala hanywi. Kwenye nyuzi 25 hukaa kama mwezi mmoja, kwenye baridi zaidi ya hapo, kwenye joto pungufu. Maji yote na mafuta yote aliyonayo ni aliyopewa na mama.

Sasa rudi Oktoba. Mama anahangaika na joto, wanyama wamesambaa kutafuta maji, akiba yake ya mafuta ni ndogo. Anazaa lava mdogo. Lava mdogo ana ngozi nyingi kwa ujazo kidogo, ile hesabu ya mchemraba, na anaingia kwenye udongo mkavu kuliko wa miezi mingine. Siku za kwanza za upupa, kabla tabaka za ndani za ganda hazijakamilika, ndizo anazopoteza maji kwa kasi. Baadaye ganda linabana vizuri sana. Bursell aliona pia kwamba pupa wa aina za nyika kavu hushika maji kuliko wale wa aina za misitu na kingo za mito, jambo linaloeleza kwa nini aina fulani za mbung'o hazijawahi kuwa na makazi kwetu hata wanyama wangekuwepo tele.

Lakini hapa nataka kuweka breki. Ni rahisi kuona pupa wamekufa kwenye udongo mkavu na kusema wamekauka. Bursell alipima pia mafuta, na akakuta kwamba pupa hutumia mafuta kidogo kabisa kwenye joto la katikati, nyuzi kama 24 hivi. Ukishuka sana, muda wa upupa unakuwa mrefu na mafuta yanaisha kabla ya safari. Ukipanda sana, muda unafupika lakini mafuta yanaungua haraka zaidi ya muda unavyofupika. Nje ya nyuzi 16 hadi 32 za kudumu, pupa huishiwa. Kwa hiyo sehemu ya vifo vinavyotokea msimu wa joto ni njaa. Kiu na njaa vinamjia kwa wakati mmoja, na aliyezaliwa mdogo ana kidogo cha vyote.

Mbung'o mzima ana nafasi ya kuchagua, pupa hana. Joto likipita nyuzi 32 hivi, mbung'o huacha matawi na kuingia kwenye mashimo ya miti na mapango ya wanyama, mahali penye giza, ubaridi na unyevu. Akibanwa kabisa, joto likikaribia nyuzi 40, anafanya jambo linaloonekana kama wazimu: anayaacha matundu wazi makusudi. Maji yanayotoka yanapooza mwili, kama jasho letu, lakini watafiti Edney na Barrass waliopima mwaka 1962 walikuta unafuu wenyewe haufiki nyuzi mbili. Unaweza kumwokoa kwa dakika chache za kutafuta kivuli, si kwa mchana mzima.

Hapo ndipo ile kampeni ya zamani ya kufyeka vichaka ili kumaliza mbung'o inapoeleweka upya. Wafyekaji hawakuwa wakiua mbung'o hata mmoja kwa panga. Walikuwa wakiwaondolea kivuli ambamo hewa haina kiu. Gharama yake kwa ardhi ilikuwa kubwa, nami nisingeitetea leo, lakini kanuni yake ilikuwa na mantiki.

Wanaokunywa kutoka hewani

Viroboto wana maisha mawili yasiyofanana. Mkubwa anaishi kwenye manyoya na analewa damu. Lava wake ni kijidudu cheupe kisicho na miguu kinachoishi kwenye vumbi la kiota, kikila chembe za kinyesi cha damu kavu kilichodondoshwa na wakubwa. Lava huyo ana ngozi laini na hewa ikishuka chini ya asilimia 50 ya unyevu huwa taabani. Kwa hiyo kiroboto wa panya haathiriwi sana na hali ya hewa ya Dodoma. Anaathiriwa na hali ya hewa ya shimo la panya, ambako unyevu hubaki juu hata jua likiwa utosini. Tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, iliyoisumbua Lushoto kuanzia 1980 ilikuwa kwenye milima yenye ubaridi na unyevu, na tofauti kati ya Usambara na tambarare zetu haiko kwenye panya peke yao.

Kuna mahali fulani katika maisha yake kiroboto anafanya jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waone mizani. Lava akimaliza kula na kujiandaa kuwa pupa, anaongezeka uzito bila kula wala kunywa. Anavuta mvuke kutoka kwenye hewa ambayo haijajaa, kupitia sehemu ya mwisho ya utumbo. E. B. Edney alipima jambo hilo mwaka 1947: Xenopsylla brasiliensis, kiroboto mwenye asili ya Afrika, aliweza kufanya hivyo hewa ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 50 tu. Ndugu yake Xenopsylla cheopis, aliyesambazwa na meli duniani kote, anahitaji zaidi ya hapo.

Chawa watafunao manyoya ya ndege nao wana kipaji hicho, wao kwa kutumia mdomo. Ila kila mmoja ana kiwango chake, na hewa ikishuka chini ya kiwango kwa muda mrefu mchezo umekwisha. Dale Clayton, mtaalamu wa chawa wa ndege, alikuwa akiwafuga bila shida Oxford, kwenye unyevu wa Uingereza. Alipohamia Utah, jimbo kavu la Marekani, chawa wake wakawa wanakufa. Yeye na wenzake baadaye walionyesha kwamba ndege wa maeneo makavu kwa kawaida wana chawa wachache kuliko wa maeneo yenye unyevu. Kisha wakageuza kero hiyo kuwa tiba: mashine inayopuliza hewa ya uvuguvugu kwa wingi kwenye nywele za watoto wenye chawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba nusu saa iliua karibu mayai yote na takribani asilimia 80 ya chawa. Hewa yenyewe haikuwa moto kuliko ya mashine za saluni. Wingi wa upepo mkavu ndio uliofanya kazi.

Kupe na papasi wana miguu minane, kwa hiyo kwa mtaalamu wako nje ya kundi la wadudu, lakini mfugaji wa Kongwa au Mpwapwa hatanisamehe nikiwaruka. Kupe anayesubiri ng'ombe kwenye ncha ya jani hupoteza maji mchana. Akizidiwa anashuka hadi kwenye mizizi ya nyasi ambako kuna unyevu, anatoa mate yenye chumvi nyingi mdomoni, mate yanavuta mvuke, naye anayameza. Akipata nguvu anapanda tena. Kila kushuka na kupanda kunakula akiba. Mahali palipobaki udongo mtupu hakuna pa kushukia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupe wa kahawia, mwenezaji wa ndigana kali, kutulia zaidi kwenye maeneo yenye mvua nyingi kuliko kwenye milimita 600 hivi za Dodoma.

Papasi yeye hata hashiriki mashindano. Anakaa kwenye ufa wa tembe, nyumba ya Kigogo yenye kuta nene na dari ya udongo, ambayo ndani yake mchana ni baridi na usiku kuna pumzi za watu na mara nyingine za ndama. Nta yake tumeiona. Anakula usiku kwa dakika chache na anaweza kukaa miaka bila kula. Homa ya papasi ilijulikana sana kwenye vijiji vya Dodoma, sehemu kavu kuliko nyingi nchini, na hilo linapingana na ukavu pale tu tunapopima ukavu uani badala ya ukutani.

Na tekenya? Huyo amepata njia fupi kuliko zote. Jike akiingia kwenye kidole cha mguu anabaki na ncha ya nyuma tu nje, kwa ajili ya kupumua na kutoa mayai. Mwili wake uliobaki uko ndani ya ngozi ya mtu, mahali ambapo hakuna kiangazi. Anavimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya kunde. Vumbi kavu lililo tifutifu linafaa watoto wake, na mvua zikinyesha kwa nguvu hali huwa mbaya kwao. Kwa mdudu aliyeletwa Afrika kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1872 kupitia pwani ya Angola, amezoea kwetu haraka.

Joto likizidi kupanda

Swali linalofuata daima ni la tabianchi. Kwenye bonde la Zambezi, Zimbabwe, kumbukumbu za Hifadhi ya Mana Pools zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2018 zilionyesha mbung'o wamepungua sana tangu miaka ya 1990 huku joto likipanda, na hesabu za watafiti zilieleza upungufu huo kwa vifo vya pupa na vya wakubwa kwenye miezi ya joto. Hifadhi haikufyekwa, wanyama hawakumalizika. Watafiti hao hao wakaonya kwamba nyanda za juu zilizokuwa na baridi kwa mbung'o zinaweza kuanza kumfaa.

Kwa Kanda ya Kati nadhani swali linapaswa kuulizwa mdudu kwa mdudu. Mbung'o wa Rungwa, ambaye pupa wake wako sentimita chache tu chini ya udongo, ana sababu ya kuogopa. Kunguni wa gesti ya Dodoma mjini hana, maana mjini ufa wake unatunzwa na mwenye nyumba, na nyumba za bati zinazochukua nafasi ya tembe zina joto mchana lakini vitanda vyake vina nyufa zile zile. Kiroboto atategemea panya anachimba kina gani. Kituo cha hali ya hewa kinapima joto kwenye sanduku jeupe lililo kivulini, karibu usawa wa kifua cha mtu mzima. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeishi hapo.